Kurudia, Kisha Kunyamaza

Mzee wa Kizungu alikuwa anasoma orodha ya zawadi kwenye simu yake: mashati mawili ya buluu saizi ya kati, moja la kijani saizi kubwa, vikoi vitatu na pakiti za mdalasini. Muuzaji hakukimbilia rafuni. Alisimama, akamtazama usoni, akasema taratibu, "So that's two blue shirts in medium, one green in large, three kikois, and the cinnamon. Is that right?" Baada ya hapo akanyamaza. Mzee akairudia orodha yake, akatikisa kichwa. Vikoi ni viwili, alisema. Cha tatu ni skafu, ya mjukuu.

Mimi nilikuwa nyuma yake nikingoja kununua doti ya kanga. Zamu yangu ilipofika, muuzaji yuleyule aliivuta kanga kabla sijamaliza kusema. Hakurudia neno lolote. Nilipewa nilichokitaka na sina la kulalamikia, lakini ule ukimya mfupi aliopewa mzee ulinikaa kichwani. Jioni, wateja walipopungua kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, nilirudi nikamwomba tuzungumze. Alikubali, kwa sharti kwamba jina lake wala la duka nisiliandike.

Ni mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya kutosha watu wawili tu. Alimaliza kidato cha nne hapa Unguja, na hapo ndipo swali langu la kwanza lilipoanzia. Masomo karibu yote ya sekondari kwetu hufundishwa kwa Kiingereza. Je, huu utaratibu wa kurudia aliupata darasani?

"Skuli tulifundishwa kumjibu mwalimu," alisema. "Hatukufundishwa kumuuliza mtu jambo ambalo jibu lake unalo mwenyewe, ila unataka yeye ndiye alithibitishe. Nilipoanza kazi nilikuwa nasema 'yes, yes, okay' kwa kila kitu. Mgeni anaamini nimemuelewa. Mimi naogopa nikimuuliza tena ataniona mjinga. Anaondoka na kitu sicho, kesho anarudi amekasirika, na pale ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa nani mwenye makosa?"

Akaanza kunieleza mitego aliyoijua kwa kuumia, mmoja baada ya mwingine. Ulionishika zaidi ni wa mfuko.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Zanzibar, na baadaye Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, mfuko umekuwa jambo la kuulizwa kaunta, maana dukani kwake ni wa kitambaa na una bei yake. Kwa hiyo alikuwa anauliza hivi: "You don't want a bag?" Mgeni anajibu, "No." Kwa sikio la Mswahili, anayekuuliza "hutaki mfuko?" ukamjibu "hapana" unaweza kuwa unampinga: siyo, nautaka. Ukiwa huutaki kweli, unamjibu "ndiyo", yaani ulivyosema ndivyo. Mwingereza hafuati njia hiyo. Yeye "no" yake inaandamana na kitendo chenyewe: hautaki, basi ni "no", swali liulizwe vyovyote.

"Nilikuwa nasikia 'no', naanza kumfungia kwenye mfuko na kuuongeza kwenye hesabu," alisema. "Ananitazama kama nimemuibia. Sijamuibia. Nimemsikiliza kwa Kiswahili."

Mambo yanazidi kuwa magumu kwa sababu wageni wengi wanaoingia dukani si Waingereza. Ni Waitaliano, Wapolandi, Wajerumani, kila mmoja na Kiingereza alichokibeba kutoka kwao. Mjapani, kwa mfano, kwa lugha yake hujibu swali la namna hiyo kama tunavyolijibu sisi, na anaweza kuingia na tabia hiyo katika Kiingereza chake. Hapo "yes" ya mteja mmoja na "yes" ya mwenzake aliyesimama pembeni zinaweza kwenda njia mbili tofauti kabisa, nao wote wawili wana adabu na wote wawili wamejibu sawasawa.

Dawa yake aliitafuta mwenyewe. Hamuulizi mteja kwa kukanusha. Anamuuliza, "With a bag, or without a bag?" ili jibu lije na neno lake ndani, lisije "yes" au "no" tupu. Sijaona kitabu cha Kiingereza cha dukani kinacholisema jambo hili waziwazi namna hiyo. Vingi vimejaa "How may I help you?" na "Have a nice day", sentensi za kufungulia na kufungia mlango, na pale katikati, biashara inapofanyika hasa, vinamwacha muuzaji peke yake.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Kwa Kiswahili huwezi kuchanganya kumi na tano na hamsini. Kwa Kiingereza, "fifteen" na "fifty" zinatofautiana kwa pumzi ya mwisho, na feni ikiwa inazunguka juu hiyo pumzi haisikiki. Yeye husema "one five" au "five zero", huku akiiandika kwenye karatasi na kumgeuzia mteja aisome. Saa ni vivyo hivyo. Shati likipelekwa kwa fundi kupunguzwa mikono, mteja akaambiwa na kijana wa dukani aje "three", huenda kijana alimaanisha saa tatu ya asubuhi, na mgeni akaja alasiri. Sasa ahadi yoyote ya saa huandikwa, na asubuhi huitwa asubuhi.

Kwenye saizi alinionesha kwa mikono. Mwanamke wa Kimarekani anayesema anavaa 8 na wa Kiingereza anayesema 12 huenda wakaingia kwenye gauni moja bila tatizo. Kwa hiyo namba haitoshi kuirudia. Muuzaji huyu hurudia namba, kisha huitandaza nguo mbele ya mteja na kumuuliza kama ndiyo aliyokuwa nayo moyoni.

Nilimuuliza kuhusu adabu yenyewe, yale maneno laini ambayo watu huyaona ndiyo Kiingereza kizuri. Nilitegemea aniambie "please" na "sir". Aliyapita haraka. Alichokaa nacho ni jambo dogo zaidi.

"Ukimwambia mtu 'You said three', umemshitaki," alisema. "Ni kama mko mahakamani, yeye alisema, wewe umesikia. Ukisema 'Sorry, was it three?' kosa umelichukua wewe. Au 'Let me make sure I've got it right.' Mimi ndiye ninayejihakikisha, yeye hana deni. Akiwa amebadilisha mawazo, anabadilisha bila aibu."

Hiyo "was", wakati uliopita, ilimsumbua mwanzoni. Alipomsikia Mwingereza akiuliza "Did you want the red one?" mbele ya mtu ambaye bado ameishika nyekundu mkononi, alidhani labda hamu imeshapita. Leo anaitumia bila kufikiri. Waingereza hulisogeza ombi nyuma kwenye wakati uliopita ili lisimkabe anayeulizwa, na ukitafakari si jambo geni kwetu. Nani kati yetu hajaingia ofisini akasema "nilikuwa naomba kukuuliza", ilhali ndiyo kwanza anaomba? Tunayo njia hiyo. Tunaitumia kwa wakubwa.

Faida ya kurudia imewahi kupimwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rick van Baaren na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya katika mgahawa nchini Uholanzi: mhudumu aliporudia agizo la mteja neno kwa neno, alipewa bakshishi kubwa kuliko alipoonesha tu kwamba ameelewa. Nilimweleza. Hakushangaa. Alitaka kujua kama bakshishi ile mhudumu alikwenda nayo nyumbani au iliingia kwa tajiri.

Swali hilo linahusu kazi yake moja kwa moja. Kosa la agizo likitokea, nani hulipa? Nilimuuliza, akakunja kitambaa kimoja kabla ya kujibu. Inategemea, alisema, kama tajiri yupo dukani au hayupo. Nilipomsukuma kidogo alisema wapo wauzaji mtaani hapo ambao thamani ya kosa hukatwa kwenye mshahara, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyejichanganya. Hakusema kama yeye ni mmoja wao. Watu wanaobeba gharama hiyo ndio waliofundishwa kidogo kuliko wote namna ya kuiepuka, na wanachokijua wamejifunza kila mmoja peke yake, kwa mshahara wake. Chuoni wanaosomea utalii hupata sehemu yao. Msichana aliyetoka kidato cha nne akaingia kaunta moja kwa moja anaipata wapi?

Mwisho nilimuuliza lililonileta. Kwa nini mzee yule alirudiwa agizo lake lote na mimi sikurudiwa hata neno?

"Wewe nakuelewa," alisema.

Na siku usiponielewa?

"Utaniambia, dada yangu."

Nilimwambia sina uhakika. Wapo kina mama wengi, hasa watu wazima, ambao wakipewa saizi isiyo yao au kanga ya jina wasilolitaka huona haya kumsumbua muuzaji, wakaibeba hivyo hivyo. Dukani hasara ni kanga. Dirishani kwenye duka la dawa, mama huyohuyo na haya zake hizohizo anaweza kwenda nyumbani na dozi ambayo hakuisikia vizuri.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Ni kweli. Lakini mtu wa hapa ukimrudia maneno yake anakuuliza, kwani husikii? Au anadhani unamshangaa kwa alichochagua. Mgeni nikimrudia ananishukuru. Mwenyeji nikimrudia nimemkosea. Wewe mwandishi, niambie, nimrudie vipi mama yangu mtu mzima ili asione namdharau?"

Nimewauliza wenzangu wawili watatu tangu siku hiyo. Mmoja alisema inatosha kuanza na "samahani". Mwingine, aliyelelewa dukani Kariakoo, alisema haitoshi, na kwamba kwa mtu mzima ni bora kujifanya unahesabu kwa sauti, kana kwamba unajikumbusha mwenyewe: haya, sukari moja, sabuni mbili, na kiberiti. Mzee anasikia, na kama pana kosa, anasahihisha hesabu, hamsahihishi mtu. Nitampelekea jibu hilo. Kama litafaa kwenye kanga, na kwenye dawa, atajua yeye.