Mto Usiofika Baharini

Aliyepata kupanda mlima Longonot hadi ukingo wa kasoko yake, ambao kilele chake kimeinuka mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, huliona upande wa kaskazini-magharibi ziwa la Naivasha limetandaa, likizungukwa na mafunjo, na nyumba za plastiki za mashamba ya maua, na mabati ya mitaa ya wafanyakazi. Lakini hata akilitazama kutwa nzima hatauona mto utokao humo. Malewa, uletao sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa kutoka milima ya Nyandarua, huingia, Gilgil huingia, na Karati, ambao aghalabu ni mchanga mtupu, nao huingia mvua zinyeshapo. Hakuna utokao. Binadamu karibu dunia nzima amezoea kuutupia mto taka zake kwa itikadi kwamba mto una mwendo na bahari haina kikomo, ilhali mito ya bonde hili haina bahari ya kuiendea, na kinachotupwa ndani yake hakiendi mbali.

Watu wa Longonot penyewe wanaijua thamani ya maji kuliko wengi wetu. Hapo hapana mto wa kudumu, na maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi ya kupita kiasi, ambayo huwatia watoto madoa ya hudhurungi menoni wala hayatoki maisha. Maji matamu ya Naivasha na mito yake ni neema ya pekee baina ya maziwa ya magadi, na sababu yake ni kwamba ziwa hili, japo halina mlango wa kuonekana, hujipenyeza polepole chini ya ardhi, hususan upande wa kusini kuelekea Longonot na Olkaria, likiondoa chumvi yake. Walakini si kila kitu hupenya. Tope hubaki, na fosforasi iliyoshikamana na tope hubaki nalo.

Majitaka yakiingia mtoni hayaui samaki kwa sumu pekee, kama wengi wadhanivyo. Kinyesi ni chakula cha vijidudu, na vijidudu wakila huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, hata samaki wakakosa pumzi. Ndiyo sababu kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zikaweka mpaka, kwamba maji yanayomwagwa katika mazingira baada ya kusafishwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita katika siku tano za kipimo, ilhali majitaka ghafi ya nyumbani huhitaji mamia. Kisha huja madhara ya pili: nitrojeni na fosforasi hurutubisha maji kama mbolea irutubishavyo shamba, mwani ukastawi na gugumaji likaenea, nalo gugumaji limekuwamo Naivasha tangu mwisho wa miaka ya 1980. Juu ya hayo yapo maradhi, kipindupindu na homa ya matumbo na kuhara, ambayo huanza na mtoto achotaye maji kwa dumu. Zamani mafunjo ya mdomo wa Malewa yalikuwa kama kifumbu, yakizuia tope na kunyonya rutuba kabla maji hayajafika ziwani; sehemu kubwa ya mafunjo hayo imekatwa, imelimwa au imelishwa mifugo.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Mashamba ya maua, yaliyokuja kwa wingi tangu miaka ya 1980, yalivuta maelfu ya watu wa kufanya kazi, na watu hao wakahitaji vyumba, na vyumba vikajengwa haraka katika mitaa kama Karagita na Kihoto pasipo mabomba ya majitaka. Vyoo ni vya shimo. Shimo likijaa, mwenye plot huita lori la kunyonya. Akiwa bahili, au lori likiwa ghali, shimo hufurika. Katika Kihoto mambo yalizidi: maji ya ziwa, yaliyokuwa yakipanda tangu mwaka 2010 hivi, yaliingia majumbani mwaka 2020, na tena mwaka 2025, yakavifunika vyoo pamoja na vilivyomo, hata ikawa hapana haja ya mtu kuutupa uchafu ziwani, kwa kuwa ziwa limekuja kuuchukua lenyewe. Na Karati una taksiri yake ya peke yake. Mto ukaao mkavu kwa miezi hujikusanyia kila kitu kitupwacho ndani yake, na mvua ya kwanza huvisukuma vyote ziwani kwa siku moja.

Lakini lipo jambo ambalo sijasikia likitajwa sana na wapiganiaji wa mito, nalo kwa rai yangu ndilo linaloonyesha ukubwa wa ujirani wa mito na maziwa haya. Bwawa la Turasha, katika bonde la Malewa, hupeleka maji kwa bomba hadi Gilgil na Nakuru. Maji hayo, yaliyozaliwa kwa ajili ya Naivasha, hunywewa na kuoshewa Nakuru, huwa majitaka huko, na yale yafikayo mitambo ya kusafishia ya mji huishia katika ziwa Nakuru, ambalo nalo halina mlango, na ambalo tayari hupokea mto Njoro baada ya mto huo kupita Njoro mjini na kando ya mitaa ya magharibi ya Nakuru. Ziwa hilo liliorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1990, na Naivasha mwaka 1995. Heshima zote mbili ni za haki, wala hazikujenga choo hata kimoja.

Kulipigania ziwa la Naivasha si jambo jipya. Chama cha wenye mashamba ya kandokando ya ziwa kina umri wa miaka tisini na zaidi, na mwaka 1999 kilipewa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi. Kilifanya mema mengi, lakini asili yake kilikuwa chama cha walowezi wenye ardhi, na mpangaji wa Karagita hakuwa na kiti humo. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilipanua mlango kwa kuviruhusu vyama vya watumiaji maji, ambamo mkulima mdogo wa Nyandarua na mwenye shamba la maua waweza kuketi meza moja. Na kwa njia hiyo ukapatikana mpango ambao watumiaji wa chini huwatuza wakulima wa juu wa Malewa kwa kupanda nyasi na miti ya kuzuia mmomonyoko. Mpango huo ni wa udongo, si wa kinyesi. Hata hivyo umethibitisha kwamba mtu wa chini hukubali kumlipa wa juu akiona faida, na sioni kwa nini hesabu hiyo isifanywe kwa vyoo.

Shauri lenye funzo kubwa kwa mwanaharakati wa majitaka halikutoka Naivasha bali Kiserian, karibu na Ngong. Wenye majumba kadhaa wa mji ule walishitakiwa kwa kumwaga majitaka ghafi mtoni, na baadhi yetu tungetarajia mahakama iwatoze faini na kuwafungia milango. Mahakama Kuu, katika hukumu ya Machi 2006 ya shauri la Peter Waweru, iliyafuta mashitaka kwa kuwa yaliwabagua wachache miongoni mwa wengi waliotenda vivyo hivyo. Kisha, badala ya kuishia hapo, ikasema kwamba haki ya kuishi haitengani na mazingira safi, ikaziagiza mamlaka za umma zishughulikie ujenzi wa mtambo wa kusafishia majitaka. Kosa la mtu mmoja mmoja lilionekana kuwa dalili, na ugonjwa ni mji uliopewa vibali vya kujenga bila kupewa mabomba. Siku za kuokota chupa kingoni mwa Karati, pamoja na fulana zake na picha zake, nazipenda. Ila chupa si kinyesi, na asubuhi moja ya kuokota haimwondolei mpangaji hata shimo moja lililofurika.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 mwananchi ana silaha zaidi. Ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi, ya 43 haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha, na ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani pasipo kuthibitisha kwamba yeye au mtu yeyote amepata hasara. Ibara ya 35 inamwezesha kudai taarifa, kwa mfano matokeo ya vipimo ambavyo mwenye leseni ya kumwaga maji anapaswa kuvipeleka kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kikundi chenye daftari la tarehe, picha, na chupa za sampuli zilizopimwa na maabara inayotambuliwa kitasikilizwa kuliko kikundi chenye hasira tupu. Naivasha iliyaona hayo mwaka 2010, samaki walipoelea kwa wingi: wengine waliyalaumu mashamba ya maua na dawa zake, wengine wakataja kupungua kwa oksijeni, na mabishano yakadumu kuliko harufu, kwa kuwa upande wa wananchi haukuwa na vipimo vyake wenyewe vya kabla ya siku ile.

Lililobaki ni fedha, na hapo ndipo mikutano mingi huvunjika. Bomba kuu likipitishwa barabarani, kuunganisha nyumba nalo ni gharama ya mwenye plot, ambaye huihamishia kwenye kodi ya chumba. Kampuni ya Sanivation, iliyoanza kazi zake Naivasha, imeonyesha njia nyingine: hukusanya kinyesi, hukitibu, na kukigeuza kuwa makaa ya kuuzwa viwandani mahali pa kuni. Ni kazi ya kupongezwa, na inapunguza mzigo wa misitu pia. Lakini mauzo ya makaa hayatoshi peke yake kumtoa mpangaji uchafuni; lori la kunyonya lazima lifike uani kwake, na mtu alilipe. Lau ningepewa nafasi ya kupanga ajenda ya mkutano ujao wa watumiaji maji, ningelitanguliza swali hilo mbele ya hotuba zote: katika kila plot ya Karagita, ni nani analipa lori, mara ngapi kwa mwaka, na dereva akishajaza tangi huenda kulimwaga wapi.