Filimbi ya Saa Kumi Alfajiri

Wasikilizaji, juma lililopita, saa kumi za alfajiri, filimbi ililia mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Nilitoka na tochi. Nikakuta vijana wa zamu wamemzingira mtu mmoja, huyu kashika tofali, yule anauliza petroli iko wapi. Mtu mwenyewe alikuwa akitaja jina la mwenye nyumba wake, lakini nani wa kumsikiliza? Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa tayari jikoni. "Mwacheni! Huyo mpangaji wa nyumba ile ya bati jekundu, ana miezi miwili hapa."

Miezi miwili! Na mimi ninakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Sungusungu haikuzaliwa mjini. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Usukumani na Unyamwezini, watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikaitambua. Kijijini mlinzi alimjua kila mtu, na baba yake, na babu yake. Sisi wa mjini tulichukua rungu na filimbi, ule ujuzi wa watu tukauacha hukohuko. Zamani balozi wa nyumba kumi alijua nani kahamia. Lakini balozi alikuwa wa chama, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, wapo walioona hawana sababu ya kujitambulisha kwake. Siwalaumu. Ila daftari la wakazi la mwenyekiti wa mtaa nalo tumelisahau.

Halafu kuna hili la polisi. Kibaka anakamatwa Jumatatu, Jumatano yuko kijiweni anakunywa kahawa. Tunasema, "Wamekula hao." Sikatai kwamba hutokea. Lakini mara nyingi ni dhamana tu, ambayo kwa makosa mengi ni haki ya mtuhumiwa. Kesi ikija kusikilizwa, sisi tulioona kwa macho yetu hatuendi, tunahofia kupoteza siku ya kazi. Hakimu atamfunga kwa ushahidi wa nani? Anaachiwa, nasi tunarudi kutafuta petroli. Na siku ile tungemchoma mtu asiyeiba hata sindano.

Mchango wa ulinzi ni habari nyingine. Kwetu ulikusanywa bila risiti, watu wakagoma kutoa, walinzi wawili wakaacha kazi. Sasa tumekubaliana hesabu ibandikwe dukani kila mwisho wa mwezi.

Jumapili nilikwenda kumpa pole yule mpangaji. Kumbe anafanya kazi kiwanda cha mikate, na saa kumi ndiyo saa yake ya kutoka nyumbani. Ameandikwa kwenye daftari, na ameomba zamu ya Jumamosi, siku asiyokwenda kazini. Mimi nimepangwa naye.