Gobori Halitaki Pupa

Mpwa wangu aishiye Denver, katika jimbo la Colorado huko Marekani, alinisalimu kwa simu kisha akaniuliza: "Mjomba, nataka kuwinda kwa gobori. Nitie baruti kiasi gani?"

Msomaji asistaajabu. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na gobori tumelibakiza katika hadithi za wazee. Colorado limetengewa msimu wake mwezi wa Septemba. Windo lenyewe ni elki, mnyama mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake huweza kupita kilo 300.

Sheria ya huko yataka mtutu wa elki usipungue upana wa nusu inchi. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 100 hazifiki gramu saba. Risasi ya mviringo ya mtutu huo ina uzito wa greni 177 hivi. Hutoka kwa kasi, lakini hupoa upesi. Iliyo ndefu, ya greni 350 au zaidi, huenda polepole, ila uzito wake huipenyeza ndani ya nyama na mfupa. Kwa mnyama mkubwa, hiyo ndiyo bora.

Nikamwambia: "Anza na baruti kidogo, usipite kamwe kiwango cha mtengenezaji. Piga karatasi, ongeza kidogo kidogo. Matundu yakikaribiana, simama hapo. Risasi ishindilie mpaka ikae juu ya baruti, kwani ukiacha nafasi mtutu waweza kupasuka. Na baruti ya bunduki za kisasa usiitie abadani."

Akauliza, "Na uhalali wake?" Nikamjibu kuwa wanazuoni wamehitilafiana juu ya windo lililokufa kwa risasi: wako walioruhusu kwa kuwa risasi hutoboa, na wako walioshurutisha liwahiwe kuchinjwa. "Basi piga bismillahi, sogea karibu, na ukimkuta yu hai, mchinje."

Alianza na greni 70, akasimama kwenye 90. Msimu ulipokwisha alinipigia tena. Alimwona dume mmoja tu, yapata hatua mia mbili. Gobori lina risasi moja, na mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia msituni akafe bure.

"Sikufyatua, mjomba," akasema.

Nilifurahi kuliko kama angeniletea pembe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.