Maji Kwanza, Moto Baadaye: Utangulizi wa Elimu ya Kunyoosha Nguo

Elimu ya utunzaji wa nguo huanza na swali moja: nguo hii imefumwa kwa uzi gani? Anayeweza kulijibu hana haja ya kukariri kanuni za pasi, kwa kuwa kila uzi una tabia yake mbele ya maji na mbele ya moto. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika elimu hiyo kupitia tatizo moja, mikunjo ya nguo za rayoni na spandeksi, kama linavyoonekana Lushoto, mji wa milima ya Usambara nchini Tanzania.

Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, baridi na ukungu wa Usambara huchelewesha kila kinachoanikwa, na nguo iliyofuliwa asubuhi huweza kuingizwa ndani jioni ingali mbichi. Blauzi na magauni ya mitumba hutoka kwenye belo yakiwa yamekunjamana, kwa sababu yalibanwa na kukaa hivyo safari nzima ya meli. Dera la rayoni, likifuliwa na kukamuliwa, hukunjamana vilevile. Na kwa wengi pasi iliyopo ni ya mkaa, isiyo na swichi ya kupunguza joto.

Ukisimama Irente, ukingo wa milima ulio karibu na Lushoto, na kutazama chini kuelekea Mazinde, unaona mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta pwani ya Tanga mwaka 1893. Mwaka mmoja kabla yake, huko Uingereza, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle walipata hataza ya njia ya kuigeuza selulosi ya miti, yaani dutu inayojenga mwili wa mimea, kuwa kimiminika kizito, ambacho husukumwa kupitia matundu membamba na kutoka kikiwa uzi. Uzi huo ndio rayoni, ambayo lebo nyingine huiandika "viscose". Mkonge, pamba na rayoni ni ndugu: msingi wao ni selulosi.

Mikunjo inaanzia hapo. Minyororo ya selulosi hushikiliana kwa vifungo vya hidrojeni, kama watu walioshikana mikono. Maji yakipenya kati yao, mikono huachana. Nguo ikikauka, hushikana upya katika mkao wowote iliomo. Nguo iliyokauka ikiwa imesokotwa hubaki na umbo la kusokotwa. Rayoni hunyonya maji kuliko pamba, na ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kuikamua kwa nguvu, basi, huikunja na kuidhoofisha kwa wakati mmoja.

Spandeksi ni ya ukoo mwingine. Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, aliibuni mwaka 1958 kutokana na poliyurethani. Asilimia chache tu zinatosha kuifanya taiti au blauzi ivutike na kurudi. Lebo nyingine huiita "elastane". Huharibiwa na joto kali na dawa za klorini za kung'arisha nguo. Ikishaharibika, nguo hulegea magotini na viwikoni, na hakuna pasi itakayoirudisha.

Kwa hiyo nguo yenye nyuzi hizi mbili inataka maji yafanye kazi na moto usaidie kidogo. Usiikamue, izungushie taulo kavu na ubonyeze. Ikung'ute, ilaze mahali tambarare, nyoosha mishono kwa viganja, kisha iache ikauke hivyo. Wanafunzi wa bweni wanaolaza sare zao chini ya godoro wanatumia kanuni hiihii: uzito huishikilia nguo wakati vifungo vinajifunga upya. Mvuke wa beseni la maji ya moto katika bafu lililofungwa nao hufaa. Lushoto maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, lakini hilo halipunguzi kitu, kwa kuwa kinachoilegeza rayoni hasa ni unyevu.

Pasi ikibidi, alama ya nukta moja kwenye lebo humaanisha joto lisilozidi nyuzijoto 110. Kwa pasi ya mkaa, subiri makaa yafifie, futa kitako, na ujaribu kwanza kwenye upindo wa ndani. Geuza nguo ndani nje, tandika kipande cha kanga chenye unyevu juu yake, bonyeza kisha inua. Usiiburute pasi, maana rayoni yenye unyevu huvutika na kupoteza umbo.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na uuchome mbali na nguo. Selulosi hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kipimo hiki hakitenganishi rayoni na pamba, lakini kinakuonya mapema kuhusu nguo inayoweza kuyeyuka chini ya pasi.

Hii ni sayansi kamili, na madobi na kina mama wa Usambara wana ujuzi wake mikononi. Unastahili kuandikwa na kufundishwa shuleni pamoja na kemia, kwa sababu nguo iliyotunzwa vizuri huokoa fedha ya nyumba. Msomaji, kabla ya kuwasha mkaa, soma lebo, lowesha nguo, kisha andika ulichokiona ili na mwenzako ajifunze.