Jembe Linapogonga Bunduki

Jembe la mama likigonga chuma katika shamba la muhogo huko Koboko, huenda kisiwe kipande cha sufuria kuukuu. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wake wengi walikimbia kupitia Arua na Koboko kuelekea Sudani na Zaire. Waasi wa UNRF II nao walitia sahihi mapatano ya amani huko Yumbe tarehe 24 Desemba, 2002. Si kila silaha iliyofukiwa ilifukuliwa.

Wengi huogopa kuripoti, wakidhani aliyeiona ataitwa mwenyewe. Hofu hiyo yaeleweka. Lakini kuificha ni hatari zaidi. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yakataza kuwa na bunduki bila hati ya kibali, na rashasha ni silaha ya jeshi. Kwa miaka mingi raia aliyekutwa nayo aliweza kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Mahakama ya Juu ilikataa utaratibu huo tarehe 31 Januari, 2025, lakini mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuurudisha kwa baadhi ya makosa, hilo likiwamo.

Basi isiguswe, kwani risasi zaweza kuwamo. Watoto waondolewe, na siku ile ile aitwe mwenyekiti wa kijiji pamoja na majirani wawili wawe mashahidi, kisha polisi. Kuibeba hadi kituoni, hata kwa nia njema, ni kujiweka katika hatari ya kukamatwa nayo njiani. Maelezo yakishaandikwa, mwenye shamba aombe nambari ya taarifa hiyo, aiweke pamoja na hati za ardhi.