Mkasi na Wafu wa Makobola (Sehemu ya Tatu)

Toleo lililopita tuliishia kwenye sheria ya Kongo ya mwaka 1966, ile inayoadhibu maneno ya ubaguzi wa rangi na ukabila. Nia yake ni njema. Lakini mtu akiwataja waliomuulia ndugu zake, je, anachochea au anatoa ushahidi?

Ukitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, kuelekea Baraka, Ziwa Tanganyika kushoto na milima kulia, Makobola ya Fizi haiko mbali. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa huko na katika vijiji vya jirani. Hesabu hiyo ni ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, nao waliwataja askari wa kundi la waasi la RCD na wenzao wa Rwanda na Burundi. Siku zile, nani angeyatamka hayo hewani? Uvira na Bukavu zilikuwa mikononi mwa RCD yenyewe, na mwaka uleule wa 1999 Radio Maendeleo ya Bukavu ikafungwa. Habari ilipita kwa wamisionari, ikatangazwa na shirika lao la MISNA kutoka Roma. Kilio cha Fizi kilivuka bahari kwanza.

Habari iliyonyimwa redio haifi. Huhamia jikoni na kilabuni, na huko hakuna anayeihakiki. Msemaji huongeza wafu au huwapunguza kufuatana na kabila la anayemsikiliza. Ndivyo kosa la jeshi lenye makamanda na tarehe linavyogeuzwa kuwa kosa la Banyamulenge wote, Watutsi wa Kivu Kusini, hata la mtoto aliyezaliwa miaka kumi baadaye. Hapo mimi sina kigugumizi: kumtaja kamanda ni ushahidi, kulishtaki kabila zima ni uchochezi. Ila nasema pia kwamba aliyezima ushahidi aliulimia uchochezi shamba.

Mkasi wa udhibiti ulirudi mwaka 2010. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003 ilivujia gazeti la Le Monde mwezi Agosti. Lililowasha moto ni neno moja, mauaji ya kimbari, na swali la iwapo lingeweza kutumika kwa waliyotendewa wakimbizi Wahutu. Kigali, iliyotuhumiwa, ikatishia kuwaondoa askari wake wa kulinda amani Sudan. Ripoti ikacheleweshwa mwezi mzima, nchi zilizotajwa zikapewa nafasi ya kuandika majibu yao, kisha tarehe 1 Oktoba ikatoka. Neno lilibaki, likiwa limezungushiwa tahadhari nyingi, na majibu ya serikali yakachapishwa pamoja nayo. Lawama na jibu vikasomwa na watu walewale. Katika mambo yote niliyoyaona kwenye utafiti huu, hilo ndilo lililokaribia haki.

Linganisha na CSAC, baraza letu linalosimamia vyombo vya habari. Januari 2025 lilisimamisha kazi za Al Jazeera kwa siku 90, baada ya kituo hicho kumhoji Bertrand Bisimwa, kiongozi wa waasi wa M23. Juni likavikataza vyombo vya habari, kwa siku 90 nyingine, kuzungumzia habari za rais wa zamani Joseph Kabila na chama chake. Kwa nini 90 na si 30, sijui. Labda tarakimu hiyo inapendeza kwenye muhuri. Lakini Kabila alikwisha kuonekana Goma, na kila mwenye simu alijua.

Hata ripoti ile ya 2010 haikutoka yote. Majina ya washukiwa yaliwekwa kando, yakakabidhiwa ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Geneva, kwa sababu hakuna mahakama iliyokwisha kuwasikiliza. Huo nao ni mkasi, ingawa umeshikwa na mkono mwingine. Juma lijalo tutauliza nani ana haki ya kuifungua orodha hiyo.