Sura ya Tano: Uzito Kwanza, Nguvu Baadaye

Mpe mtu karatasi ya sifa za gari la spoti uone jicho lake linakwenda wapi. Linakwenda kwenye nguvu za farasi. Nimeona hivyo kwa vijana wa gereji, kwa wauza magari, hata kwa watu wenye shahada ya uhandisi. Wakikuta namba ndogo wanairudisha karatasi mezani, na namba zilizobaki hazisomwi tena.

Kwa hiyo nimelichagua makusudi gari lenye namba ndogo: Toyota MR-S, gari la viti viwili, paa la turubai, injini nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma. Liliundwa Japani kuanzia 1999 hadi 2007, na nje ya Japani wengi wanalijua kama MR2 ya kizazi cha tatu. Injini yake ni ya cc 1,794, nguvu za farasi 140 kwa mizunguko 6,400 kwa dakika. Ekseli zimeachana milimita 2,450. Toleo jepesi la Japani lina uzito wa kilo 970.

Injini hiyo ni 1ZZ-FE. Ndiyo iliyomo ndani ya Toyota Premio na Allion za kizazi cha kwanza zenye cc 1,800, na ndani ya Toyota Wish za kwanza zinazobeba abiria Nairobi na Dar es Salaam kila siku. Kwenye Wish inatoa nguvu za farasi 132, nane tu pungufu. Lakini Wish ina uzito wa kama kilo 1,300. Gawanya: kila farasi wa Wish anavuta karibu kilo 10, wa MR-S anavuta kilo 7. Tofauti kubwa ya mwendo kati ya magari haya mawili imetoka kwenye mizani kuliko kwenye injini.

Hapo ndipo ninapopingwa, na kwa sentensi ile ile kila mara: gari jepesi halitulii barabarani, gari zito ndilo linaloshika lami. Imani hii imesababisha madhara mengi, basi tuichambue hadi mwisho.

Ni kweli kwamba uzito ukiongezeka, msuguano wa tairi na lami unaongezeka. Lakini nguvu inayohitajika kuligeuza gari kwenye kona nayo inaongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo faida inafutika. Kinachobaki ni hasara, maana mpira wa tairi ukizidi kulemewa mshiko wake haupandi sawasawa na mzigo, unabaki nyuma. Kwenye breki hali ni mbaya zaidi. Gari la tani moja likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kama kilojuli 386. La tani mbili limebeba mara mbili yake, na yote lazima igeuke joto kwenye breki kabla gari halijasimama. Utulivu unaousikia ukiwa ndani ya Land Cruiser unatokana na urefu kati ya ekseli, upana wa kati ya magurudumu, springi na shokomzoba. Uzito unapewa sifa isiyo yake.

Sasa mahali pa injini. Watu wanadhani kuiweka katikati ni mapambo ya matajiri. Mtazame mbeba maji mwenye ndoo mbili kwenye ncha za mzegamzega, umwambie ageuke ghafla. Mti unamgomea kuanza kugeuka, na ukishaanza unamgomea kusimama. Mpe uzito ule ule aukumbatie kifuani, atageuka mara moja. Injini ndicho kitu kizito kuliko vyote ndani ya gari dogo. Ikikaa karibu na kiini cha gari, pua inafuata usukani bila kuchelewa. Tena ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, na nyuma ndiko kwenye magurudumu yanayosukuma. Matairi ya mbele yanaachiwa kazi ya kugeuza na sehemu yao ya breki. Kwenye Wish matairi hayo hayo yanavuta, yanageuza na kubeba sehemu kubwa ya breki kwa wakati mmoja.

Nilikusudia kuendelea kuisoma karatasi mstari kwa mstari, lakini 1ZZ-FE haiwezi kupitwa hivihivi, kwa sababu ndiyo injini inayosingiziwa kuliko zote mitaani kwetu. Wanasema VVT-i iliyomo ndani yake ni aina ya turbo. Si turbo, wala haisukumi hewa yoyote. Ni kifaa kilicho kwenye mwisho wa kamshafti ya valvu za kuingiza hewa, kinachoisogeza mbele au nyuma kwa presha ya oili ili valvu zifunguke mapema au baadaye kulingana na mwendo wa injini. Ndiyo maana oili chafu inakiua. Wanasema pia kwamba injini hii inakula oili kwa sababu ya VVT-i. Hapana. Injini za miaka ya mwanzo zilikuwa na matundu machache na madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni. Yakizibwa na masizi, ringi zinakwama na oili inapanda juu kuungua. Toyota ilibadilisha pistoni hizo baadaye. VVT-i haihusiki kabisa.

Halafu kuna thamostati. Kuna mafundi wanaoitoa na kuitupa kwa hoja kwamba Afrika ni joto, haihitajiki. Joto la Dodoma saa nane mchana halifiki hata nusu ya nyuzi 82 ambazo thamostati inazisubiri ili ifunguke. Injini isiyo nayo inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuongeza petroli, oili inabaki nzito, na mwenye gari analalamika kwamba VVT-i inakunywa mafuta. Kwenye MR-S kosa hili lina mwenzake: rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Fundi akijaza maji bila kutoa hewa yote, hewa inabaki imenasa njiani na injini ya alumini inachemka huku rejeta ikionekana imejaa. Lawama zinaangukia muundo wa gari.

Giaboksi isituchukulie muda. Ile ya MR-S isiyo na pedali ya klachi watu wanaiita otomatiki, kumbe ndani ni ya kawaida yenye klachi ya kawaida inayokwisha. Pampu ya haidroliki ndiyo inayoibonyeza.

Kuhusu paa, wengi wanaamini gari la wazi ni jepesi kwa kuwa limepunguzwa chuma. Gari lililobuniwa na paa kisha likakatwa kwa kawaida linaongezeka uzito, kwa sababu paa lilikuwa linazuia bodi isijipinde, na likiondoka lazima sakafu na vizingiti viongezewe vyuma. Ndiyo sababu MR-S lilibuniwa wazi tangu mwanzo. Lotus ya Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa Elise ya 1996, ambayo chesisi yake ya mihimili ya alumini iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi ina kilo 68 tu. Na kuanzia 2006, Elise S ilifungwa 1ZZ-FE, injini ya Premio.

Mstari wa mwisho ni matairi: 185/55 R15 mbele, 205/50 R15 nyuma kwa matoleo ya awali. Usikubali muuzaji akwambie yote yanaweza kulingana. Nyuma kuna zaidi ya nusu ya uzito, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito huo unakimbilia mbele, nyuma inapungukiwa mshiko na gari linazunguka haraka kwa sababu ile ile inayolifanya ligeuke haraka. MR2 ya kizazi cha pili, ya 1989, ilipata sifa mbaya kwa tabia hiyo hadi Toyota ikabadilisha saspensheni yake ya nyuma na matairi. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha shikilia mafuta kidogo mpaka uitoke.